Kibali cha Nyumba ya Athens Hakimpi Mwanao Kazi

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari zenu. Walionisikia mwaka jana watasema huyu anarudia yaleyale. Narudia, ndiyo, kwa sababu wiki hii peke yake watu watatu wamenipigia simu, na wote swali lao moja: uraia wa Ugiriki siku hizi bei gani? Jamani, uraia wa Ugiriki hauuzwi! Ukinunua nyumba kwa kiwango kilichowekwa unapewa kibali cha ukaazi cha miaka 5, na unakihuisha maadamu nyumba ni yako. Ukiiuza, kibali nacho kimekwisha.

Mimi nimeishi Kypseli, pale Athens, miaka kumi na minane. Wengi wetu tulifika kwa njia ya bahari. Nimepanga foleni za vibali tangu alfajiri. Ndiyo maana neno hili likipindishwa na dalali linaniuma.

Sasa nisikilizeni kisa hiki. Mwishoni mwa 2024 alikuja mzee mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, yeye na mkewe. Simtaji yeye wala dalali wake. Ana kijana wa miaka 22, na safari yote ilikuwa kwa ajili ya huyo kijana, apate kazi Ulaya. Mzee akaniomba nimsindikize kuangalia nyumba. Ilikuwa Kypseli hukohuko, mtaa ninaoufahamu, chini kabisa ya jengo la ghorofa sita. Zamani palikuwa na karakana ya cherehani. Dirisha lilikuwa juu, karibu na dari, na ukisimama sebuleni unaona viatu vya wapita njia. Mama akapitisha kidole ukutani, kikatoka na unga mweupe. Akaninong'oneza, "Mwanangu, hii nyumba inatoa jasho."

Bei ilikuwa euro 250,000. Mzee alifurahi, maana alishasikia kwamba tangu tarehe 1 Septemba 2024 kiwango cha Attica, yaani mkoa wenye Athens, mji wa Thessaloniki, na visiwa vya Mykonos na Santorini kimepanda hadi euro 800,000, na sehemu nyingi nyingine ni 400,000. Dalali akamwambia, nimekupatia kichochoro. Na kichochoro hicho kipo kweli kisheria: jengo la biashara likigeuzwa kuwa makazi, 250,000 inatosha. Lakini mabadiliko yale yanatakiwa yawe yamekamilika kabla hujapeleka maombi. Pale ndani waya zilikuwa zinaning'inia, choo hakijajengwa, na dalali anataka tusaini Ijumaa.

Kisha akatoa simu, akapiga hesabu mbele ya mzee: wageni wa kulala usiku mmoja mmoja, euro 90, mara siku 30, ni euro 2,700 kwa mwezi. Mzee akanitazama, macho yanang'aa. Nikamwambia, mzee wangu, sheria hiyohiyo iliyopandisha bei imekataza nyumba ya kibali hiki kupangishwa kwa siku. Ukikamatwa, faini ni euro 50,000 na kibali kinafutwa. Mpangaji wa muda mrefu unaruhusiwa, ila hizo 2,700 zifute kichwani.

Halafu kuhusu kijana, na hapa ndipo mzee alipokaa chini kwenye ndoo ya rangi. Kibali kinamchukua mwenza wako, wazazi wenu wa pande zote mbili, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Wake ana 22! Na hata angekuwa na 19, kibali hiki hakiruhusu kuajiriwa. Baba hawezi kuajiriwa, mtoto hawezi kuajiriwa. Nyumba ya mjini aliyokuwa tayari kuiuza nyumbani ingemalizikia kwenye dirisha la kuangalia viatu.

Arbuni alikuwa ameshaitoa kabla hajanipigia. Hiyo haikurudi.

Najua kuna mtu ananiambia moyoni, "Lakini nikiwa na kadi ile naingia Ujerumani, naingia Ufaransa." Unaingia, ndiyo: siku 90 ndani ya kila siku 180, kutembea. Kuishi huko na kufanya kazi ni habari nyingine kabisa. Na mwingine atasema, "Nitasubiri, uraia utakuja." Ugiriki inataka miaka 7 ya kuishi pale kweli, halafu mtihani wa lugha na historia yao. Wewe unayekwenda wiki mbili kila kiangazi, hiyo miaka unaihesabia wapi? Na sisi Watanzania tukichukua uraia mwingine ukubwani tunaupoteza wa kwetu. Wenzetu wa Kenya katiba yao ya 2010 imewaruhusu kuwa nao wote wawili, wao hesabu yao ni tofauti.

Naoneshwa saa, nitakimbia. Nchi nyingine zilizokuwa na vibali vya pesa kama hiki: Ureno, nyumba hazikubaliki tena tangu Oktoba 2023, zimebaki njia nyingine kama mifuko ya uwekezaji, euro 500,000, na michango ya utamaduni. Hispania imefunga tarehe 3 Aprili 2025. Uingereza ilifunga Februari 2022, Ireland 2023. Malta, iliyokuwa inatoa uraia wenyewe kwa pesa, mahakama ya Umoja wa Ulaya imeikataza Aprili 2025. Kwa hiyo anayekuletea kipeperushi cha nyumba ya Lisbon leo, muulize kimechapwa lini.

Chanzo cha pesa nilitaka nikieleze kwa kirefu, hasa kwa sisi wa biashara ya fedha taslimu. Kwa ufupi: malipo yanapita benki, na utaulizwa zilikotoka, kwa hiyo anza na vitabu vyako vya mauzo na kodi, nyumba baadaye. Na juu ya bei weka kodi ya kuhamisha umiliki, kama asilimia 3, ada ya notari, yaani mwanasheria anayethibitisha mkataba, wakili wako mwenyewe asiyeletwa na dalali, na euro 2,000 za maombi.

Mwenye mkataba au ramani ya fleti kwenye mkoba, asisaini kitu usiku huu. Aje nao hapa mbele, tuusome pamoja, ukurasa kwa ukurasa.