Nyuzi 31 Si Ruhusa ya Kuogelea

Mabibi na mabwana, makocha na waandaaji wa mashindano ya kuogelea baharini, mnaonifahamu mnajua kwamba nitaanzia Fujairah, na ndiko ninakoanzia. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika pwani hiyo ya Falme za Kiarabu, Mmarekani Fran Crippen, mwenye umri wa miaka 26, aliingia baharini kushindana kilomita 10 katika maji ya karibu nyuzi 30, na wenzake walipomaliza yeye hakutokea. Waogeleaji waliokuwa wamechoka walirudi majini kumtafuta, na wapiga mbizi walimpata baada ya saa mbili hivi, akiwa amekwisha kufa.

Baada ya msiba huo, shirikisho la kimataifa, ambalo leo linaitwa World Aquatics, liliweka kikomo cha joto la maji cha nyuzi 31. Wamarekani waliona kikomo hicho kiko juu mno, wakajiwekea chao cha nyuzi 29.45 kwa mbio za kilomita 5 na zaidi, na wakaongeza kwamba joto la maji likijumlishwa na la hewa lisizidi 63.

Kila ninaposema haya naambiwa kwamba sisi ni watu wa pwani, maji ya moto tumeyazoea. Tumezoea kuoga na kuvua, ndugu zangu, hatujazoea kupiga mikono saa mbili bila kupumzika! Sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia mwogeleaji hugeuka joto ndani ya mwili. Nchi kavu jasho lingekauka na kumpoza, lakini majini jasho halikauki, kwa hiyo kinachobaki ni maji kuwa baridi kuliko ngozi yake. Ngozi ikiwa na nyuzi 33 na maji 31, joto hilo litatokea wapi?

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Ilikuwa mwezi wa Machi, kaskazi imetulia na bahari imelala kama mafuta, nami nimo katika mashua ya ulinzi. Kijana mmoja alianza kupotea njia, akiliacha boya mkono wa kulia, mkono wake wa kushoto ukiingia majini umelegea, na nilipomnyooshea chupa ya maji aliitazama kama mtu asiyejua chupa ni kitu gani. Tulipompandisha, ngozi yake ilikuwa imesimama vinyweleo, naye akalalamika baridi, kumbe ni mwili uliozidiwa na joto. Waandaaji walikuwa wamepima joto alfajiri, ufukweni, katika maji ya magotini yaliyopoa usiku kucha, ilhali mbio zilianza saa tano. Kanuni ya World Aquatics inataka kipimajoto kishushwe sentimita 40, katikati ya njia ya mashindano, saa mbili kabla ya kuanza. Fungeni fundo kwenye kamba mahali pa sentimita 40, wala hamtahitaji kukisia.

Kuhusu baridi nitasema machache, kwa kuwa muda umekwisha: kikomo cha chini ni nyuzi 16, na chini ya 18 vazi la kuhifadhi joto ni la lazima. Atakayekwenda kushindana Ulaya anione baada ya hapa.

Kwenu waandaaji wa msimu huu wa kaskazi, naomba mbio zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kila mashua ya ulinzi iwe na kipimajoto chake, kisomwe kila nusu saa hadi mwogeleaji wa mwisho atoke majini.