Jenerali Mmoja, Waliomkamata Watatu: Namna ya Kumtafiti Komando Mwenye Nishani Nyingi

Haya jamani tuanze, wanaochelewa watatukuta njiani. Wale walionisikia mwaka jana mnivumilie tu, nitarudia yale yale, maana bado kila mwezi napokea meseji za aina moja, "Mwalimu nimepata picha ya mzee kifuani kajaa nishani, alikuwa komando, nisaidie nijue alifanya nini." Mimi jibu langu moja siku zote. Usimtafiti mtu, tafiti tukio. Mtu mwache kwanza, atakuja mwenyewe. Najua inaudhi.

Leo nimechukua mtu mmoja, Tommy Macpherson. Mskoti, kazaliwa Edinburgh 1920, alikuwa komando wa Uingereza Vita vya Pili vya Dunia, akakamatwa Libya 1941, akatoroka mikononi mwa Wajerumani, mwisho wa 1943 karudi kwao, na usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Juni 1944 karushwa kwa mwavuli karibu na Aurillac, katikati ya Ufaransa kule milimani, aende akapigane bega kwa bega na watu wa msituni, yaani Wafaransa waliokuwa wanawapinga Wajerumani. Wafaransa wenyewe wanawaita maquis. Umri wake miaka 23, cheo meja. Alipata Military Cross, nishani ya ushujaa ya Uingereza, mara tatu, mara tatu jamani, halafu Wafaransa wakamwongezea zao, Croix de Guerre na Légion d'honneur, 1992 Malkia akampa u-Sir, na amefariki 2014 ana miaka 94. Kwa hiyo si mtu wa kubahatisha. Nimemchagua makusudi, ukimchagua mtu mdogo watu watasema aa huyo alikuwa muongo tu. Huyu si muongo, ndiyo maana ananifaa.

Timu yake ilikuwa ya watu watatu. Hizi timu zinaitwa Jedburgh, mpango ulikuwa hivi: ofisa mmoja Mwingereza au Mmarekani, ofisa mmoja mwenyeji wa nchi mnayoingia, na mtu wa redio. Mnashuka na sare zenu, mnawatafuta watu wa msituni, mnaomba silaha kwa redio, zinadondoshwa usiku kwa miavuli, mnafundisha, mnalipua reli na madaraja. Yake iliitwa Quinine, naam, kwinini, dawa ya malaria. Na haikuondokea Uingereza, iliruka kutoka Blida, Algeria, nalisema hili maana watu wanahangaika kumtafuta kwenye orodha za viwanja vya ndege vya Uingereza wiki nzima halafu wanakuja kuniambia "hayupo".

Sasa kile kisa mnachokipenda, nikikiruka mtanipigia kelele. Macpherson kashuka kavaa kilti. Ile sketi ya Kiskoti yenye miraba. Pembeni yake yule ofisa Mfaransa, kijana wa miaka 18. Wanapokelewa gizani, Macpherson anasema alimsikia kijana mmoja wa msituni anakwenda mbio kwa mkubwa wake anamwambia, mkuu, mkuu, kaja ofisa wa Kifaransa na kaja na mkewe! Sisi wa pwani mwanaume kujifunga msuli si habari, baba yangu alikwenda nao sokoni, lakini mtu wa Cantal, ule mkoa wa Aurillac, 1944 ataijua wapi kilti? Nimekisimulia kisa hiki sijui mara ngapi na bado nacheka.

Lakini ngoja. Nani anatusimulia? Macpherson mwenyewe, kwenye kumbukumbu zilizotoka 2010, akiwa na miaka tisini. Sisemi kadanganya, tena naamini kilitokea, kilti alikuwa anaivaa kweli na kwa makusudi, alitaka watu wajue jeshi halisi limefika, si majambazi. Na kumbukeni Hitler alishatoa amri Oktoba 1942 kwamba makomando wakikamatwa wauawe hata kama wana sare. Kwa hiyo ile sketi ilikuwa ni kujitangaza mbele ya watu walioamriwa kukuua. Ninachosema ni kwamba kisa kizuri kinasafiri peke yake, hakihitaji paspoti. Kikishaingia kwenye tanzia moja ya gazeti, kinanakiliwa, kinanakiliwa, na baada ya miaka mitano una vyanzo kumi na viwili na vyote ni mzee mmoja anacheka.

Tuje kwenye lenyewe sasa. Septemba 1944, Jenerali Elster.

Botho Elster, jenerali wa Kijerumani, anarudi na msururu mrefu wa watu kutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa. Washirika, yaani Wamarekani, Waingereza na wenzao, walishatua Normandy Juni, wakatua Provence tarehe 15 Agosti, njia ya kurudi kwao inazibwa kama mlango wa zizi. Watu wake wengine kwa miguu, wengine baiskeli, wengine mikokoteni ya farasi, ndege za Wamarekani zinawapiga mchana, watu wa msituni wanawadonoa usiku. Tarehe 10 Septemba pale Issoudun anakubali kusalimu amri.

Nani alimkamata? Chukua tanzia za Macpherson. Kaingia ngome ya Wajerumani na gari la Msalaba Mwekundu, kavaa kilti, akamwambia jenerali nina jeshi kubwa nyuma yangu na nina redio, nikiongea tu ndege za Uingereza zinakuja kukumaliza, jenerali akanywea, watu 23,000 wakaweka silaha chini. Haya, weka hapo pembeni.

Chukua tanzia za Pearl Witherington. Mama wa Kiingereza kazaliwa Paris, naye kashuka kwa mwavuli Septemba 1943, mkuu wake alipokamatwa Mei 1944 akashika yeye usukani wa wapiganaji kaskazini mwa mkoa wa Indre, maelfu. Humo utakuta ni watu wake waliosababisha Wajerumani 18,000 kusalimu amri. Weka pembeni.

Nenda Marekani. Luteni Samuel Magill, divisheni ya 83, mkuu wa kikosi kidogo cha upelelezi, kavuka mto Loire na vijana wachache, akaongea na Wajerumani, akarudi na jenerali na watu 20,000. Weka pembeni.

Jumlisha. Elfu sitini na moja! Elster huyo huyo mmoja. Halafu kwenye sherehe yenyewe pale Beaugency kwenye daraja la Loire, siku chache baadaye, alialikwa jenerali wa ndege, Weyland, maana na marubani nao walionekana wana haki yao. Nikihesabu na marubani sijui tutafika wapi, Ujerumani itabaki tupu.

Mnacheka, lakini hapa ndipo mtafiti anapopatikana. Aliyemfuata mtu, Macpherson au Magill au yule mama, haoni tatizo lolote, faili lake linamtosha, kila kitu kinaingiana vizuri. Aliyelifuata tukio, Issoudun, Septemba 10, atawakuta wote mezani siku moja. Na atakuta kitu ambacho tanzia hazipendi kukisema, kwamba Elster hakutaka kabisa kujisalimisha kwa watu wa msituni. Aliwaogopa, na kwa yale Wajerumani waliyoyafanya alikuwa na sababu. Alitaka watu wenye sare rasmi, Wamarekani, na akaruhusiwa watu wake watembee na silaha zao mpaka Loire ili wasishambuliwe njiani. Fikiria we ni Mfaransa wa Indre umelala msituni miezi, wenzio wamenyongwa, halafu Wajerumani wanapita mbele ya nyumba yako na bunduki begani kwenda kupokelewa na Wamarekani. Pearl Witherington alikasirika mpaka uzeeni kwa jambo hilo. Ni yule yule aliyepewa nishani ya kiraia akaikataa akisema hakufanya lolote la kiraia.

Sasa najua kuna mtu pale nyuma, namwona kakunja mikono, anasema moyoni, "Huyu anamchafua shujaa." Hapana bwana. Hebu nisikilize. Kwani watatu hawawezi wote kuwa wa kweli? Mtu anaweza akaingia kwenye ngome akamtisha jenerali, mwingine akawa amezifunga barabara wiki mbili nzima, mwingine akaleta karatasi ya kutia saini. Jenerali hasalimu amri kwa sababu ya mtu mmoja, anasalimu kwa sababu amechoka na kila anapogeuka kuna mtu. Macpherson hapungui kitu. Anayepungua ni yule aliyeandika "peke yake". Hilo neno "peke yake" mkilikuta popote kwenye hati ya nishani au tanzia, lizungushieni kalamu nyekundu.

Na hati ya nishani yenyewe ni nini? Watu wanaipakua Kew, ile hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, mafungu yanaitwa WO 373, wanaichapa, wanaitia kwenye fremu. Vizuri. Lakini ni nani aliyeiandika? Mkubwa wake ofisini. Mkubwa wake alijuaje? Alisoma ripoti. Ripoti kaandika nani? Mwenyewe. Sasa unathibitisha maneno ya mtu kwa maneno ya mtu yule yule yaliyogongwa mhuri! Mimi hati naitumia kupata tarehe na mahali tu, basi, baada ya hapo naiacha.

Mfano mfupi, muda unakwenda. Mtasoma kwamba timu ya Quinine iliichelewesha divisheni ya vifaru ya SS, lile jeshi la chama cha Hitler, jina lake Das Reich, isifike Normandy. Chukua tarehe tu. Das Reich imeondoka Montauban tarehe 8 Juni. Macpherson kagusa ardhi usiku wa 8 kuamkia 9. Tarehe 9 wananyonga watu 99 Tulle, tarehe 10 wanaua watu 643 Oradour-sur-Glane. Yaani kijana ameshuka leo, hana hata ramani ya vijia, na divisheni imeshaanza kupita. Halafu divisheni ile ilikuwa na amri ya kuwasaka watu wa msituni eneo lile kwanza, kwa hiyo siku zilizopotea si zote za madaraja kulipuliwa. Alifanya sehemu yake? Sawa. Lakini wale vijana wa vijijini waliosimama kwenye madaraja na bunduki kuukuu tangu siku ya kwanza, hao hawana tanzia kwenye gazeti la London.

Ndiyo maana nawaambia nendeni upande wa Ufaransa. Vincennes, nje kidogo ya Paris, kuna mafaili ya mtu mmoja mmoja wa upinzani dhidi ya Wajerumani, fungu la GR 16 P, majina zaidi ya laki sita, orodha ipo mtandaoni bure. Watu wananijibu "Mwalimu sijui Kifaransa". Kwani Kiingereza ulizaliwa nacho? Jina ni jina, tarehe ni tarehe, kijiji ni kijiji.

Majina nayo ni balaa lingine. Hawa watu walikuwa na majina mawili matatu. Macpherson kwenye karatasi ni R.T.S., si Tommy, na jina la kazi ni Anselme. Yule ofisa Mfaransa wa miaka 18 alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme hasa, Michel de Bourbon-Parme, lakini alipita kwa jina la Bourdon, herufi moja tu imebadilishwa, na mtu akitafuta Bourbon anatoka mikono mitupu anasema nyaraka zimechomwa. Ni kweli kuna zilizoungua, moto ulitokea Baker Street, London, 1946, kwenye ofisi za SOE, ile idara ya siri ya Uingereza iliyowatuma, na nyingine walizitupa wenyewe, lakini si kila usichokiona kimeungua! Kingine hujakitafuta vizuri.

Na mtu wa redio, Arthur Brown, sajenti. Nilitaka nimpe nusu saa, naona naoneshwa saa hapa. Bila yeye hakuna silaha iliyodondoshwa, hakuna tishio la ndege, hakuna lolote, na ndiye aliyeandika saa na tarehe za kila ujumbe. Mkitaka kumjua meja, anzeni na sajenti.

Addi Bâ pia sitamfikia. Basi kwa sentensi moja: kijana wa Guinea, askari wa jeshi la Ufaransa, aliongoza watu wa msituni kule Vosges, mashariki mwa Ufaransa, kabla hata Macpherson hajatoroka, Wajerumani wakampiga risasi Épinal Desemba 1943, na medali ya upinzani akapewa 2003, miaka sitini kaburini. Kwa hiyo anayeanza utafiti kwa kuhesabu nishani kifuani, huyu asingempata kabla ya 2003.

Italia, Tito wa Yugoslavia, na yale mambo ya mwisho wa vita, tuyaache, tutayafanya siku nyingine.

Wenye mababu wa keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, waliokwenda Bama, yaani Burma, najua mnataka kuniuliza, njia ni hiyo hiyo, niletee tarehe na mahali, usiniletee picha ya kifua. Na mbebaji mizigo aliyekuwa naye, kama jina lake unalo, niletee hilo kwanza.

Haya, maswali. Na asiniulize mtu kama ndani ya kilti alivaa kitu, nimeulizwa hilo mikutano mitatu mfululizo.