Kikuza sauti cha maiki kwa transista moja: mhadhara kwa mafundi wanaoanza

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo. Nashukuru mmefika kabla jua halijawa kali, maana likishapanda humu ndani mikono inatoa jasho na vipuri vinateleza.

Hiki nilichoshika mlioko nyuma hamkioni vizuri, nitakipitisha. Ni kikopo cha bati, upana wake kama kifungo cha shati, mbele kina kitambaa cheusi na nyuma kina vijimguu viwili. Nimekichomoa jana usiku kwenye redio kaseti iliyokufa mota. Mliokuwa nazo redio zile mnakumbuka: unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nyumba nzima inanyamaza, bibi anakohoa kidogo, anaanza kusimulia. Sauti yake ilipita kwenye kidude kama hiki.

Maiki ya namna hii inaitwa elektreti. Walioibuni, mwaka 1962, ni Gerhard Sessler, Mjerumani, na James West, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Virginia, wakifanya kazi kwenye maabara za Bell huko Marekani. Ndani kuna utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji ambayo hukaa miaka na miaka. Sauti ikiutikisa, umeme hupanda na kushuka, na transista ndogo iliyofichwa humo humo, yaani kipuri cha miguu mitatu ambacho umeme mdogo unaoingia hutawala umeme mkubwa zaidi, huutoa nje. Transista hiyo lazima ilishwe umeme, ndiyo maana maiki hii ukiiunga kavu kavu kwenye redio haitoi kitu.

Sasa, hata ukiilisha, inachotoa ni kidogo sana. Mtu akisema kwa karibu, unapata milivolti chache, yaani sehemu chache za elfu za volti moja, tuseme 5. Mlango wa AUX wa redio, ule wa kuingizia sauti kutoka kifaa kingine, unataka kama milivolti 300. Pengo hilo ndilo tunalolijaza leo: tunaikuza sauti kama mara 60 hivi, kabla haijakutana na kitu kingine chochote.

Hapo kwenye "kabla" nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Kikuza sauti changu cha kwanza nilikitengeneza nikiwa kijana, nikakiunga kwenye redio ya nyumbani nimrekodi bibi mzaa mama akisimulia safari zao za jahazi. Kilikuwa kinanong'ona tu. Nikasema si neno, nitapandisha sauti kwenye redio. Nikapandisha mpaka mwisho. Kanda ile ninayo mpaka leo. Ukiicheza unasikia mngurumo wa umeme, mfululizo, na chini ya mngurumo huo kuna mtu anazungumza. Nimeipeleka kwa watu wenye kompyuta na programu za kusafisha sauti. Wamejitahidi, wametoa maneno mawili matatu. Mngurumo ulioingia pamoja na sauti mwanzoni hukuzwa pamoja na sauti njia nzima, na kila amplifaya inayofuata inavibeba vyote viwili. Bibi alishafariki, kwa hiyo siwezi kurudia.

Kosa lilikuwa dogo. Mchoro ulitaka transista ya BC547. Mimi nilikuwa na 2N3904, kazi yake karibu ni ileile, nikaichomeka. Tazameni hizi mbili hapa mezani, zimefanana kama mapacha: nyeusi, upande mmoja bapa, miguu mitatu. Geuza ubapa ukutazame, miguu chini. BC547, kutoka kushoto, ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Nilikuwa nimeiweka kinyumenyume. Transista iliyogeuzwa haiungui pale pale wala haizimi kabisa; inafanya kazi kwa uchovu, na ndiyo inayodanganya watu. Nilibadilisha maiki, nikabadilisha kapasita, vile vipuri vinavyohifadhi chaji na kupitisha sauti huku vikizuia umeme wa betri, siku mbili. Ni baadaye sana fundi mmoja mzee aliponiuliza, "Kwenye kolekta umepima volti ngapi?" Nilikuwa sijapima popote. Nilikuwa nasikiliza tu.

Basi leo kabla hatujasikiliza chochote tutapima. Chukueni kalamu.

Betri ya volti 9. Msianze na chaja ya simu. Umeme wake una vurugu za kasi ambazo kwa simu hazina madhara, lakini kwenye milivolti 5 utazisikia kama mlio. Kikuza sauti chetu kinakunywa kama miliampea moja na nusu, betri nzuri ya alkalaini itakaa mamia ya saa.

Tunaanza na kulisha maiki. Kutoka chanya ya betri pita kwenye rezista, kipuri cha kupunguza mkondo wa umeme, ya kilo-om 1. Mwisho wake weka kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda hasi. Kutoka hapo hapo, rezista ya kilo-om 4.7 kwenda kwenye mguu wa chanya wa maiki. Mafundi wengi huiruka ile ya kilo-om 1 na kapasita yake, wakiona ni gharama ya bure. Msiiruke. Ile ni kama mtungi wa kutulizia maji: tope linabaki chini, maiki inakunywa maji yaliyotulia. Na mguu wa hasi mtaujuaje? Geuzeni kikopo. Mguu mmoja umeungana kwa vijinjia vya shaba na bati la pembeni. Huo ni hasi.

Sasa transista. Emita moja kwa moja kwenye hasi. Kolekta inapata rezista ya kilo-om 4.7 kutoka chanya ya betri. Kisha rezista ya megaom 1 kutoka kolekta kurudi kwenye besi. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote. Transista ikitaka kupitisha mkondo mwingi, volti za kolekta zinashuka, zikishuka, megaom inaipa besi kidogo, transista inatulia. Inajichunga yenyewe, hata ukibadilisha transista na nyingine ya jina lilelile yenye nguvu tofauti.

Sauti inaingia kwenye besi kwa kapasita ya mikrofaradi 1, na chanya ya kapasita inatazama maiki. Wengi hugeuza hapa kwa kudhani besi ndiyo "juu". Upande wa maiki una kama volti 7, besi ina 0.6 tu. Sauti inatoka kwenye kolekta kwa kapasita ya mikrofaradi 10, chanya ikitazama kolekta, halafu inakwenda kwenye volyumu na AUX.

Sasa chukua mita. Ncha nyeusi kwenye hasi, nyekundu kwenye kolekta. Unataka volti 4 au 5, karibu nusu ya betri. Kwa nini nusu? Sauti inapanda na kushuka, inahitaji nafasi juu na chini, kama mtoto wa bembea asigonge ukuta upande wowote. Ukikuta karibu 9, transista imelala: imegeuzwa, au megaom haijashika vizuri. Ukikuta kama volti 1, tazama rangi. Megaom 1 ni kahawia, nyeusi, kijani. Kilo-om 100 ni kahawia, nyeusi, njano. Kwenye taa hafifu kijani na njano vinafanana sana, kwa hiyo kila rezista ipimwe kwa mita kabla haijaingia kwenye ubao.

Kuna swali pale. Ndiyo, dada, sema kwa sauti. Anauliza ile kapasita ya mikrofaradi 1 kama hana, aweke 0.1? Weka, itafanya kazi. Sauti za chini zitapungua, kuanzia kama hezi 200, yaani mitikisiko 200 kwa sekunde, kushuka. Sauti ya mwanaume itakonda kidogo, lakini na mngurumo wa umeme wa hezi 50 utapungua sana. Kwa kurekodi mtu akizungumza karibu na barabara, mimi mwenyewe huweka 0.1 kwa makusudi.

Na kaka huyu anauliza kuhusu waya wa maiki. Tumia ule wenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa kati, wavu uende kwenye hasi. Uwe mfupi. Ukiweza, weka transista na maiki mahali pamoja ndani ya kikopo cha bati, cha maziwa ya unga au cha biskuti, na bati liungwe na hasi. Waya mrefu uje baada ya transista, sauti ikiwa imeshapata nguvu.

Mzee hapa mbele anauliza kama maiki kubwa za jukwaani, zile za sumaku, zinafaa. Zinafaa, lakini zinatoa umeme mdogo zaidi ya huu, transista moja haitoshi, na hazihitaji kulishwa: ile kilo-om 4.7 ya maiki unaiondoa. Tutazungumza wiki ijayo, nitaleta moja tuifungue.

Haya, meza ziko nne, kila meza vipuri vya watu watatu. Transista nimezichanganya makusudi, BC547 na 2N3904, kila mtu asome maandishi kwenye ubapa kabla hajachomeka. Ukimaliza usiweke betri. Niite, tupime pamoja.