Senti Moja ya Frisco

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada, karibuni.

Niliombwa nizungumzie mji wa Frisco, hapahapa Texas, na sababu naijua. Hapa Dallas karibu kila mmoja wetu ana ndugu au mfanyakazi mwenzake aliyehamia huko, na wengine mmeshaanza kuangalia picha za nyumba za huko usiku badala ya kulala. Sifa zake mnazo tayari: shule nzuri, barabara pana, nusu ya kaya zake zinaingiza zaidi ya dola 130,000 kwa mwaka. Mimi kazi yangu ni hesabu za serikali za mitaa, kwa hiyo mtanivumilia nikiwapeleka kwenye risiti badala ya kwenye nyumba. Neema ya mji ule ilinunuliwa, na bei yake inaonekana kila ukilipa dukani.

Historia nitaipitia haraka. Mwaka 1902 reli ya St. Louis–San Francisco, iliyoitwa Frisco kwa kifupi, ilipita kwenye nyanda zile, kilomita kama 45 kaskazini mwa katikati ya Dallas. Injini za mvuke zilihitaji maji, kikawekwa kituo. Kijiji cha Lebanon kilikuwa jirani, na watu wake walipoona reli imewapita pembeni, baadhi yao walipandisha nyumba zao juu ya magogo wakazivuta hadi relini. Baada ya hapo, kwa miaka themanini na zaidi, ni pamba, nafaka na ng'ombe. Sensa ya 1990 ilikuta watu kama 6,100. Ya 2000, watu 33,714. Ya 2010, watu 116,989. Ya 2020, watu 200,509. Mtoto aliyezaliwa mji ukiwa na watu elfu sita alitimiza miaka thelathini mji ukiwa na laki mbili.

Sasa risiti. Umeingia duka la Frisco, umenunua viatu vya dola 100. Kodi ya mauzo ni dola 8 na senti 25. Unga wa ugali hautozwi, maana Texas haitozi kodi hiyo kwenye vyakula vya kwenda kupika mwenyewe, lakini viatu, sufuria na simu vinatozwa vyote. Katika zile dola 8 na senti 25, dola 6 na senti 25 ni za jimbo, zinakwenda Austin. Zinabaki mbili. Ukinunua viatu hivyohivyo Plano, mji wa jirani upande wa kusini, dola moja inaingia mfuko wa jiji na ya pili inakwenda DART, shirika la treni na mabasi lililoanzishwa kwa kura mwaka 1983. Frisco haikujiunga na DART. Dola yake ya pili, yaani senti moja katika kila dola unayotumia, iliikata katikati: senti hamsini kwa shirika la kuvutia kampuni, senti hamsini kwa shirika la kujenga bustani, viwanja na vivutio vya mji. Sheria ya Texas haikuruhusu kuvuka asilimia 8.25, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kupata vyote viwili. Ama treni, ama mfuko wa kualika wawekezaji.

Uamuzi huo ulikuja kuzaa vizuri mwaka 2000, Stonebriar lilipofunguliwa, lile jengo kubwa la maduka lililopo mpakani kabisa na Plano. Kodi ya mauzo huhesabiwa pale unaponunua, hailipwi pale unapolala. Watu wa Plano na miji mingine walivuka barabara, wakanunua, wakarudi kwao. Kodi ikabaki Frisco. Aliyekuwa akisimamia hesabu hizo ni George Purefoy, mkurugenzi wa jiji tangu 1987 hadi 2022. Mameya walipita kwa kura, yeye akabaki karibu miaka 35. Ukiniuliza mimi, utulivu huo una mchango mkubwa kuliko hotuba za meya yeyote.

Fedha hizo zilisaidia kuleta nini? Uwanja wa besiboli mwaka 2003. Uwanja wa soka wa FC Dallas mwaka 2005. Mwaka 2016 yakaja makao makuu ya Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Kimarekani, mahali panapoitwa The Star. Kisha shirika la walimu na wataalamu wa gofu, PGA of America, likahama Florida na kufungua ofisi zake Frisco mwaka 2022. Mimi huwa nasita kuona fedha za umma zikiisaidia timu tajiri kiasi hicho, na bado nasita. Ila The Star kuna jambo walilolifanya kwa akili. Uwanja wa ndani, Ford Center, wenye viti 12,000, ni wa Cowboys kwa mazoezi na ni wa shule za sekondari za mji kwa mechi zao. Ijumaa usiku, kijana wa darasa la kumi anakimbia kwenye nyasi zilezile walizokanyaga nyota wa ligi, na mama yake yuko kwenye kiti chenye kiyoyozi. Wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za huko, iliingiza fedha zake mle, kwa hiyo si fadhila.

Na shule ndizo hasa zinazowahamisha watu. Hadi 2003 wilaya ya shule ya Frisco ilikuwa na sekondari moja ya juu. Kufikia 2022 zilikuwa 12. Miji mingine ya Texas hujenga shule moja kubwa ya wanafunzi elfu nne au zaidi. Frisco ilichagua shule ndogo, zisizozidi kama wanafunzi 2,100, ili watoto wengi zaidi wapate namba kwenye timu, bendi na kwaya. Ni ghali. Kila shule inahitaji mkuu wake, uwanja wake, jiko lake. Lakini mzazi mhandisi anayetoka Hyderabad anapoamua atue wapi, hilo analiuliza kwanza kabla ya bei ya nyumba. Katika sensa ya 2020, takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na asili ya Asia, wengi wao wakiwa Wahindi, na hekalu la Hanuman lililopo mjini hujaa siku za sikukuu.

Kuna kitu ambacho wauza nyumba hawakitaji. Tangu miaka ya 1960, Frisco ilikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari na kutoa madini ya risasi, si mbali na mji wa kale. Kampuni ya Exide ndiyo ilikuwa mmiliki wa mwisho. Mji ulipokuwa wa wakulima, kiwanda kilikuwa ajira. Nyumba zilipokisogelea, na serikali kuu ilipokaza kiwango cha risasi hewani mwaka 2008, eneo hilo likaonekana limevuka kiwango. Jiji na yale mashirika yake mawili walikubaliana kununua ardhi iliyokizunguka kwa dola milioni 45, na kiwanda kikazimwa mwishoni mwa Novemba 2012. Kusafisha udongo na kijito cha Stewart kulichukua miaka mingi baada ya hapo. Mtaona basi, senti ileile iliyomleta Cowboys ndiyo iliyomwondoa Exide.

Kuhusu udongo, wanaotaka kununua wanisikilize. Ni mfinyanzi mweusi, tabia yake ni ya udongo wa mbuga kule kwetu: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka. Agosti utawaona watu wenye nyumba za zaidi ya dola 600,000 wakimwagilia msingi kwa mpira ili kuta zisichanike. Kodi ya mapato ya jimbo hakuna, lakini kodi ya nyumba kama hiyo inaweza kufika dola 8,000 kwa mwaka. Iwekeni kwenye hesabu mapema.

Senti ile haikununua usafiri. Basi la kawaida, lenye njia na saa, Frisco hakuna. Kuna gari la kuitwa kwa wazee na wenye ulemavu. Anayeosha vyombo kwenye mgahawa wa The Star, na baadhi yao tunaongea nao Kiswahili, kodi ya pango ya huko haiwezi. Anakaa mbali kusini, na gari likimharibikia Jumanne, ana wiki mbaya.

Na mji wenyewe umeanza kukomaa. Sehemu za kwanza kujengwa watoto wamekua wameondoka. Wilaya ilifunga shule ya kati ya Staley mwaka 2025. Vijana wanaotafuta nyumba wanapita moja kwa moja kwenda Prosper na Celina, miji ya kaskazini zaidi, ambako ardhi bado ipo. Mei 2025 wapiga kura waliulizwa kama fedha za kodi ya mauzo zijenge ukumbi mkubwa wa sanaa. Wakakataa. Kwa hiyo nusu ile ya senti bado ipo mezani, na safari hii barabara za mwaka 2000 zinahitaji kukarabatiwa.

Naona mikono. Tuanze na mzee hapo nyuma.