Australia na Majirani Zake wa Kusini-Mashariki mwa Asia: Biashara Imetangulia, Mtaji Umebaki Nyuma

MASOUD: Karibuni tena katika kipindi chetu cha uchumi, wasikilizaji. Leo tunaitazama Australia, nchi ya watu takriban milioni 27 inayoishi kwa kuuza bidhaa zake nje, pamoja na majirani zake wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambako idadi ya watu inakaribia milioni 700 na uchumi unakua kwa kasi kuliko sehemu nyingi za dunia. Bi Zuhura, naona maandalizi yako umeyaanza na majongoo bahari, wale viumbe laini wa chini ya bahari wanaoliwa Uchina. Hebu tueleze wanahusikaje na mada yetu.

ZUHURA: Wanahusika, Bwana Masoud, kwa sababu biashara ya majongoo hao ni kongwe kuliko nchi yenyewe inayoitwa Australia. Angalau tangu karne ya 18, mabaharia wa Makassar katika kisiwa cha Sulawesi walikuwa wakisafiri kwa pepo za msimu hadi pwani ya Arnhem Land, kaskazini mwa Australia ya leo, wakivua majongoo, wakiwachemsha na kuwakausha papo hapo ufukoni, kisha wakirudi nao kwao upepo ulipogeuka ili wauzwe Uchina. Na wenyeji wa pwani ile, Wayolngu, walipata kutoka kwa mabaharia hao nguo, tumbaku na vyombo vya chuma. Mtu wa Lamu au Unguja anayejua habari za kaskazi na kusi haoni ajabu hapo. Safari hizo zilikoma mwaka 1907, baada ya serikali ya Australia Kusini, iliyokuwa ikisimamia eneo lile, kuacha kutoa leseni.

MASOUD: Na ramani haijabadilika, kwa maana hata leo Jakarta ya Indonesia iko karibu na Darwin, bandari ya kaskazini mwa Australia, kuliko Sydney ilivyo. Lakini uchumi wa Australia ulijengwa kwa kutazama mbali zaidi: kwanza Uingereza, baadaye Japani, kisha Uchina, ambayo sasa hununua takriban theluthi moja ya mauzo yake yote ya nje.

ZUHURA: Hilo ndilo lililowashtua Waaustralia mwaka 2020. Serikali yao ilitaka uchunguzi wa kimataifa kuhusu chanzo cha UVIKO-19, na haikupita muda mrefu kabla shayiri ya Australia haijatozwa ushuru wa asilimia 80.5 nchini Uchina. Mvinyo ulifuata kwa ushuru uliofika hadi zaidi ya asilimia 200, na makaa ya mawe na kambakochi nayo yakapata shida kuingia. Vikwazo hivyo viliondolewa kimoja baada ya kingine, vingi kati ya mwaka 2023 na 2024, lakini wauzaji walikuwa wameshaona jinsi mteja mmoja anavyoweza kuwatikisa. Katika hali hiyo Nicholas Moore, aliyewahi kuongoza benki ya Macquarie, aliteuliwa na serikali kuandaa mkakati wa uchumi wa Asia ya Kusini-Mashariki hadi mwaka 2040. Ripoti yake ilitolewa Septemba 2023 ikiwa na mapendekezo 75.

MASOUD: Ripoti hiyo ilisema kwamba biashara ya pande zote mbili ilipita dola bilioni 178 za Australia mwaka 2022, ikiwa kubwa kuliko ile ambayo Australia ilifanya na Marekani au na Japani. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kama biashara ni kubwa kiasi hicho, fursa iliyobaki ni ipi? Mikataba ipo tayari.

ZUHURA: Mikataba ipo mingi, na nitaipita haraka kwa sababu si hapo penye tatizo. Mkataba kati ya ASEAN, yaani jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, Australia na New Zealand ulianza kutumika mwaka 2010. Ule wa nchi za Pasifiki unaojulikana kama CPTPP ulianza mwishoni mwa 2018. RCEP, unaozijumuisha nchi 15 za Asia na Pasifiki, ulianza Januari 2022. Na ipo mikataba ya nchi mbili mbili na Singapore, Thailand, Malaysia na Indonesia. Ushuru wa forodha umeshaondolewa kwenye bidhaa nyingi sana. Linalobaki ni kumjua mnunuzi, na biashara ya ng'ombe inafundisha jambo hilo vizuri kuliko hotuba yoyote ya waziri.

MASOUD: Tueleze taratibu, maana wasikilizaji wetu wengi ni wafugaji au watoto wa wafugaji.

ZUHURA: Kaskazini mwa Australia kuna mashamba ya mifugo makubwa mno, lakini wakati wa kiangazi nyasi zake hazina lishe ya kutosha kumnenepesha ng'ombe. Indonesia ina uhaba wa malisho, ila ina mabaki mengi ya mazao ya viwandani. Basi ng'ombe wenye nundu, wa damu ya Brahman, hupakiwa melini Darwin wakiwa na kilo mia tatu na ushei, hushushwa Lampung kusini mwa Sumatra au katika bandari nyingine, na huko hulishwa mabaki ya muhogo, maganda ya mananasi na mashudu ya mawese kwa miezi mitatu hadi minne. Huchinjwa usiku, na kabla jua halijapanda nyama yao iko sokoni ikiwa bado na joto, ikinunuliwa na watu wa nyumbani na wauzaji wa bakso, ile supu ya vidonge vya nyama ya kusaga inayouzwa kwenye mikokoteni kila mtaa wa Java. Mnunuzi huyo haitaki nyama iliyogandishwa ndani ya boksi, hata ukimpunguzia bei.

MASOUD: Kumbe kazi ya kunenepesha, kuchinja na kusafirisha inabaki kwa Waindonesia wenyewe.

ZUHURA: Ndivyo, na kwa maoni yangu ndiyo sababu biashara hiyo imestahimili misukosuko iliyoikumba. Juni 2011, baada ya televisheni ya Australia kuonyesha picha za ng'ombe wakitendewa ukatili kwenye machinjio ya Indonesia, serikali ya Australia ilisimamisha usafirishaji kwa takriban mwezi mmoja bila kumwandaa mnunuzi. Jakarta ilijibu kwa kupunguza vibali na kuzungumzia kujitosheleza kwa nyama. Wafugaji wa kaskazini walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba amri ile ya waziri haikuwa halali.

MASOUD: Na mwaka huohuo wa 2020 ndipo mkataba wa Indonesia na Australia ulipoanza kutumika.

ZUHURA: Tarehe 5 Julai. Uliruhusu ng'ombe madume 575,000 kuingia bila ushuru katika mwaka wa kwanza, na idadi hiyo ikipangwa kupanda hadi 700,000. Mauzo halisi yamebaki chini ya hapo. Bei ya ng'ombe wa Australia ilipanda sana baada ya ukame, nyama ya nyati iliyogandishwa kutoka India imekuwa ikiingia Indonesia tangu 2016 kwa bei ambayo maskini anaimudu, na vibali vya kuingiza mifugo bado hutolewa na ofisi za serikali kwa mwendo wao wenyewe. Mkataba unaweza kufuta ushuru, lakini haumlazimishi karani kusaini kibali mwezi Januari badala ya Machi.

MASOUD: Hilo la kibali kuchelewa mezani hatuhitaji kwenda Jakarta kulielewa. Vipi kuhusu ngano?

ZUHURA: Ngano ni hadithi fupi na ya faida. Indonesia hailimi ngano kwa biashara, lakini ni ya pili duniani kwa ulaji wa zile tambi za pakiti ambazo watu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam huziita Indomie hata zikiwa za chapa nyingine. Australia iko karibu na ina ngano nyeupe inayofaa tambi, hivyo ni miongoni mwa wauzaji wake wakubwa. Kila kijana anayehamia jiji kama Surabaya, huko Java, na kuanza kula tambi usiku anaongeza soko la mkulima wa Australia Magharibi.

MASOUD: Sasa tuje kwenye kauli yako uliyoniambia kabla hatujaanza kurekodi, kwamba wafanyabiashara wametangulia na wenye fedha wamebaki nyuma.

ZUHURA: Angalia mabenki. ANZ, moja ya benki kubwa za Australia, ilijitangaza kwa miaka kadhaa kuwa benki ya Asia, lakini mwaka 2016 ilitangaza kuuza huduma zake za wateja wa kawaida katika masoko matano, likiwemo la Singapore na la Indonesia, kwa DBS ya Singapore. Benki ya Commonwealth, nayo ya Australia, iliuza benki yake ya Indonesia kwa kampuni ya kundi la OCBC la Singapore mwaka 2024. Halafu kuna mifuko ya pensheni, ambayo kwa jumla ina zaidi ya dola trilioni 4 za Australia, na sehemu ndogo mno ya fedha hizo imewekezwa Vietnam, Ufilipino au Indonesia, ambako umeme, bandari na barabara vinahitaji mtaji wa miaka 20 na 30.

MASOUD: Hapo nitakupinga, Bi Zuhura. Fedha hizo ni za mzee wa Adelaide anayetaka kustaafu. Kwa nini msimamizi wake aende kuzifunga kwenye mradi wa umeme mahali ambapo thamani ya sarafu inayumba na sheria zinabadilika kila waziri anapobadilika? Nikiwa ndiye mzee huyo, ningependa zibaki Sydney na New York.

ZUHURA: Sikubezi, kwa sababu hofu hiyo ina msingi. Indonesia ilipopiga marufuku usafirishaji wa madini ghafi ya nikeli Januari 2020, wawekezaji wengi wa kigeni walinung'unika. Lakini kampuni za Uchina zilijenga viwanda vya kuyeyushia madini palepale Sulawesi, Indonesia ikawa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, bei ikashuka, na BHP, kampuni kubwa ya madini ya Australia, ikasimamisha shughuli zake za nikeli Australia Magharibi Oktoba 2024. Kwa hiyo aliyekaa nje kwa kuogopa hatari, hatari ilimfuata kwake.

MASOUD: Nakubali kwamba mfano huo ni mzito. Sisi wenyewe hupeleka korosho ghafi za Mtwara na Lindi Vietnam zikabanguliwe huko, na tunajua nani anabaki na faida kubwa.

ZUHURA: Na kuna upungufu ambao haununuliwi kwa mkopo, nao ni ujuzi. Vyuo vikuu vya Australia vimefanya vizuri: Monash ilifungua tawi Malaysia mwaka 1998 na Indonesia mwaka 2021, na RMIT iko Vietnam tangu mwanzoni mwa karne hii. Kijana wa Hanoi anaweza kuijua Australia kwa undani. Kinyume chake, wanafunzi wa shule za Australia wanaosoma Kiindonesia wamepungua sana, na hilo linashangaza katika nchi inayosema mustakabali wake uko huko.

MASOUD: Basi serikali yao imefanya nini kuhusu huo mtaji unaosita?

ZUHURA: Machi 2024, katika mkutano maalumu na viongozi wa ASEAN mjini Melbourne, Waziri Mkuu Albanese alitangaza mfuko wa dola bilioni 2 za Australia unaosimamiwa na shirika la serikali la Export Finance Australia, ili utoe mikopo na dhamana, ununue hisa na kuzikatia bima biashara za Australia katika kanda hiyo. Kwa mahitaji ya kule, kiasi hicho ni kidogo. Shabaha yake ni serikali kubeba hatari ya mwanzo, ili mradi wa kwanza ukilipa, msimamizi wa pensheni ya yule mzee wako wa Adelaide awe na hesabu ya kuiwekea bodi yake mezani.