Mpira wa Nuru Visiwani Kanari

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nisile muda wa wenzangu, basi niende moja kwa moja baharini.

Tarehe 22 Juni 1976, giza ndio kwanza linaingia, manowari ndogo ya Hispania iitwayo Atrevida ilikuwa karibu na kisiwa cha Fuerteventura, katika Visiwa vya Kanari, ambavyo ni vya Hispania. Mabaharia wakaona taa kali, manjano iliyochanganyika na samawati, ikija upande wao. Wakadhani ni ndege imewasha taa za kutua. Taa ikasimama, ikazimika, ukabaki mwali unaozunguka kama kurunzi. Kisha likafumka duara kubwa la nuru, likadumu kama dakika 40. Rada ya meli haikushika kitu.

Usiku huohuo, kisiwani Gran Canaria, daktari aliyekuwa ndani ya teksi akienda kumwona mgonjwa aliona mpira kama wa kioo, karibu kabisa na ardhi, na ndani yake watu wawili warefu waliovaa nyekundu. Mpira ukapaa, ukavimba hadi ukawa mkubwa kama jengo la ghorofa 20.

Jeshi la anga la Hispania likamteua afisa achukue ushahidi wa mashahidi. Alifanya kazi yake vizuri, lazima niseme. Tatizo ni pale alipofika mwisho: aliona tufikirie kwa dhati kwamba chombo kisichojulikana kinatembea juu ya Kanari kwa nguvu zisizojulikana. Rada kutoona kitu kukahesabiwa kuwa ajabu ya chombo. Mimi nasema rada ilikuwa inasema kweli: hapo karibu hapakuwa na kitu.

Faili liliondolewa siri mwaka 1994. Baadaye watafiti wakalilinganisha na orodha ya majaribio ya makombora ya Marekani. Jioni ile, mbali huko Atlantiki, makombora ya Poseidon yalirushwa kutoka kwenye nyambizi.

Sasa tazameni. Jua likishazama kwetu sisi huku chini, huko juu, kilomita mia na zaidi, bado linawaka. Gesi ya kombora ikifika huko haina hewa ya kuibana. Inatanuka kama povu la sabuni, inanasa jua, na upepo wa juu unaikokota polepole. Wewe uko gizani, huna mlingoti wala mnazi wa kupimia umbali. Kitu kilicho mamia ya kilomita unakiona kiko nyuma ya nyumba ya jirani. Wale watu wawili wekundu siwezi kuwaeleza kwa gesi. Nadhani jicho lililoogopa liliwashona lenyewe.

Na roketi kuruka kutoka baharini kusiwe kigeni kwetu. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, hapa Kenya. Tofauti ni kwamba ile ilitangazwa, hata ikapewa jina la sikukuu yetu ya uhuru.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: mbona Wamarekani hawakusema tangu mwanzo? Mzee wangu, Poseidon iliundwa kubeba vichwa vya nyuklia, na mahali nyambizi ilipo ndiyo siri yake kubwa. Nani angepiga simu Madrid aseme, samahani, ile taa ilikuwa yetu?