Fedha ya Familia, Macho ya Kongwa na Mbwa wa Pemba

Ndugu viongozi wa vikundi, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nieleze jinsi taasisi ya hisani ya familia inavyosaidia watu wenye ulemavu, huduma za afya na ustawi wa wanyama. Najua wengi mmekuja na swali la jinsi ya kuzipata fedha zake, na nitalifikia. Kwanza tuelewane fedha hiyo inaweza nini ambacho mradi wa miaka mitatu hauwezi. Mimi naamini ni kukaa. Kukaa na tatizo moja hadi lieleweke, na kuendelea kukaa hata pale ambapo hakuna cha kupiga picha.

Kwa watu wa Pwani na Visiwani jambo hili si geni. Mtu anaweka shamba la minazi wakfu: shamba haliuzwi, nazi zinauzwa, na mapato yanaendesha msikiti au kisima. Taasisi nyingi za familia za Marekani zinakwenda kwa mtindo huohuo, ila mali yao ni hisa na hati fungani, na sheria ya kodi inazitaka zitoe kila mwaka takribani asilimia 5 ya thamani ya mali hiyo. Hazigombei kura wala hazipitishi kopo la michango. Zikichagua vizuri zinaweza kuvumilia kuliko mtu yeyote, na zikichagua vibaya hakuna wa kuzizuia.

Sasa twende Kongwa, hapa Dodoma.

Edna McConnell Clark alikuwa binti wa mwanzilishi wa kampuni ya vipodozi iliyokuja kuitwa Avon. Mwaka 1969 yeye na mumewe waliipanua taasisi ya familia yao na kuwakabidhi wanao usimamizi. Katika miaka iliyofuata taasisi hiyo ilichagua magonjwa ambayo wafadhili wengi hawakuyataka: kwanza kichocho, baadaye vikope, yaani trakoma.

Wazee wa Ugogo wanaujua ugonjwa huu bila kufundishwa. Vimelea vinahama kwa mikono, kwa nzi, na kwa pembe ya kanga ambayo mama anamfutia mtoto huyu kisha yule. Mtoto anaambukizwa leo, anapona, anaambukizwa tena, miaka nenda miaka rudi. Ndani ya kope kunabaki makovu. Akiwa mtu mzima makovu yale yanavuta ukingo wa kope, nywele zinageukia ndani na kukwaruza mboni kila anapopepesa. Kuna akina mama wanaotembea na kibano kidogo wamekifunga kwenye pindo la kanga, wanang'oa kope moja moja wakisaidiwa na binti au jirani, na baada ya wiki chache zimeota tena. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaolea watoto wenye maambukizi. Hatimaye giza.

Kwa fedha ya familia ile, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakishirikiana na Watanzania walikaa Kongwa kwa miaka. Wakaanza kwa kusikiliza. Waliuliza kwa nini watoto hawanawishwi uso, na akina mama wakajibu kwamba maji ni ya shida, kisima kiko mbali, na kunawisha watoto kunamaliza ndoo. Basi wakakaa nao chini na lita moja ya maji, wakawanawisha watoto mmoja baada ya mwingine mbele ya kijiji kizima. Ile lita moja ilitosha nyuso zaidi ya 30. Hebu fikirini mradi wenye haraka ungefanya nini hapo: ungechapisha mabango ya "Nawa uso" na kuondoka.

Baadaye likaja jaribio katika vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho ya kupaka, lakini vitatu viliongezewa kampeni ya kunawa uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: katika vijiji vya kampeni, vikope vikali kwa watoto vilipungua zaidi. Kazi za namna hii ndizo zilizojenga mkakati unaotumika leo duniani wenye sehemu nne: upasuaji wa kope, dawa, uso safi, na mazingira yenye maji na vyoo.

Jambo ninaloliheshimu zaidi ni namna familia ile ilivyoondoka. Mwaka 1998 iliungana na kampuni ya dawa ya Pfizer kuanzisha shirika la kimataifa la kupambana na trakoma, na kampuni ikawa inatoa azithromaisini bure. Badala ya kupaka dawa mara mbili kwa siku kwa wiki sita, mtu anameza dozi moja mbele ya mhudumu. Hadi sasa dozi zaidi ya bilioni moja zimetolewa. Taasisi ilielekeza nguvu zake kwingine, lakini kazi haikulala hata siku moja.

Kwenye ulemavu nitasema kwa ukali kidogo. Familia nyingi zenye uwezo zinapenda kugawa viti mwendo. Kamera zinakuja, watoto wanapangwa mstari, wanapigiwa makofi. Kiti kisichopimwa kwa mwili wa mtoto kinamletea vidonda vya mgandamizo. Mtoto anakua, kiti hakikui. Tairi likipasuka kijijini kiti kinageuka pa kuanikia nguo. Mngependa kusaidia kweli, lipeni mafundi na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Lipeni nauli! Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliogeukia ndani, anatibika kwa kufungwa plasta kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi na mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha anavaa viatu maalumu usiku hadi afike kama miaka minne. Tiba hiyo si ya gharama kubwa. Kinachoikatisha ni mama kukosa nauli ya wiki ya tatu, na sijaona picha ya nauli kwenye kalenda ya mfadhili yeyote.

Liliane Brekelmans, mama wa Uholanzi aliyepata polio utotoni, alilielewa hili. Mwaka 1976 alirudi kutembelea Indonesia alikozaliwa, akakutana na msichana mwenye polio kama yeye, akamwezesha kupata cherehani ili ajitegemee. Mwaka 1980 yeye na mumewe wakaanzisha Liliane Fonds, ambayo hadi leo inasaidia watoto wenye ulemavu kupitia mashirika ya nchi zao wenyewe.

Na wanyama? Kila ninapoligusa hili kuna anayeguna: watu hawajashiba, mnasaidia mbwa? Ndugu zangu, karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu vinatokana na mbwa, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Watoto ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Kumchanja mbwa ni kumkinga mtoto.

Fedha ya familia ya Gates, kupitia Shirika la Afya Duniani, iligharimia mradi wa namna hiyo kusini mashariki mwa Tanzania na kisiwani Pemba. Pemba ugonjwa ulikatika mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kisiwani, watu na mbwa wakaumwa, uchanjaji ukabidi uanze upya, na ilipofika 2018 ukakatika kwa mara ya pili. Nawaomba mkumbuke miaka hiyo kila mtakapoandika pendekezo lenye tarehe ya kumaliza lakini halisemi nani atanunua chanjo mwaka unaofuata.

Lamu nako kuna punda. Shirika la kutunza punda la Elisabeth Svendsen wa Uingereza, lililoanza mwaka 1969, lilifungua kliniki pale mwaka 1987, na kwao Devon punda wa shirika hilo kwa miaka mingi waliwabeba watoto wenye ulemavu. Punda wa Lamu akichechemea, mchanga, maji na mawe ya ujenzi havifiki, na mwenye punda hapati fedha.

Sasa lile swali lenu. Msiandike barua moja kwa taasisi hamsini. Someni familia ile imekuwa ikitoa kwa nani kwa miaka kumi iliyopita, na kama haijawahi kugusa jambo lenu, iacheni. Ombeni gharama zisizopendeza: nauli, mshahara wa nesi, mafuta ya pikipiki ya mchanjaji, jokofu la chanjo. Andikeni wazi mnahitaji miaka mingapi, hata kama ni mingi kuliko fomu inavyoruhusu.

Na kwa wale wachache mlionong'oneza kabla ya kikao kwamba mnafikiria kuanzisha taasisi ya familia yenu: chagueni jambo moja, katika wilaya moja, muwape wenye ulemavu wenyewe viti kwenye bodi, na katika hati ya kuanzisha muandike kabisa kazi itakabidhiwa kwa nani siku mtakayochoka. Karibuni kwa maswali.